Mfano wa Mama na Watoto Wanne

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa Kigoma, na kazi yangu ilikuwa kompyuta. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu alikuwa Kigoma miaka ile wanadhani aligawa mablanketi au alibeba wagonjwa. Mimi sikubeba mtu. Nilikaa kwenye chumba chenye feni moja, nyuma ya ofisi ya shirika ambalo sitalitaja, nikitengeneza programu ya kuwapanga kifamilia watu waliotoka Burundi. Humo chumbani ndimo nilimofanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria kichwa kinanizunguka.

Mimi ni mtu wa Tanga na nina hasira za karibu. Kigoma nilipelekwa, sikuomba. Miezi ya kwanza nilinung'unikia kila kitu: vumbi jekundu, umeme unaokatika ukiwa katikati ya kazi, mawese kwenye kila sahani. Nilipanga chumba Rusimbi, na mama mwenye nyumba akawa ananitania, "Dada wa Tanga, ukimaliza kulalamika njoo ule." Nilikuwa nakula, halafu naendelea kulalamika.

Wakati huo watu walikuwa wakishushwa kutoka ziwani, wanapumzishwa kwenye uwanja wa mpira, kisha wanapandishwa mabasi kwenda makambini. Makarani waliandika majina kwenye madaftari na kuunganisha familia kwa macho tu: huyu kaja na huyu, huyu mtoto wa yule. Watu wakaongezeka, makarani wakazidiwa, mpaka mmoja akaanguka na kalamu mkononi kwa uchovu. Ofisi ikaamua kwamba kuanzia Ijumaa ya wiki ile familia zipangwe na programu, na orodha za mabasi zitoke kwenye mashine ya kuchapa.

Programu sikuianza mimi. Aliianza jamaa mmoja Muha, mwenyeji wa Mwandiga, ambaye alipata nafasi ya kwenda kusoma akaniachia kazi katikati. Alikuwa na utaratibu wake. Juu ya kila sehemu ya programu aliandika maelezo ya Kiswahili, sehemu hii inafanya nini na kwa nini, na ndani ya maelezo akaweka mfano: ukiuliza hivi, jibu liwe hivi. Mifano ile haikuwa pambo. Tulikuwa na kifaa, ofisini tulikiita mkaguzi, ambacho kazi yake ni kusoma maelezo, kuokota kila mfano, kuuendesha kweli, na kulinganisha jibu lililoandikwa na jibu la programu. Yakilingana unaona kijani. Yakipishana unaona nyekundu. Kwa hiyo maelezo hayawezi kusema uongo mkaguzi akiwepo.

Tatizo ni kwamba mkaguzi yule hakuwa anajua pa kutazama mpaka aambiwe, na kumwambia kulikuwa na masharti kama ya mganga. Jina la faili lianze na neno fulani. Juu kabisa ya faili kuwe na alama. Halafu faili hilo liandikwe kwa mkono kwenye orodha ya pembeni, na orodha hiyo nayo itajwe kwenye faili la tatu ambalo nililigundua kwa bahati tu. Ukikosa sharti moja, mkaguzi hasemi kitu. Anapita kimya, anakuletea kijani, nawe unafurahi.

Bosi wetu alikuwa mzee wa Bukoba, mpole, anavaa koti hata jua likiwaka vipi. Jumatatu ya wiki ile aliniita.

"Binti," akasema, "mimi siweki sahihi kwenye kitu nisichokielewa. Hebu nieleze. Huyo mkaguzi wako anajuaje mahali pa kutazama?"

Nikaanza kumweleza. Sharti la kwanza, la pili, nikafika la tatu nikajikuta narudia la kwanza. Yeye ananitazama tu, mikono kwenye mifuko ya koti.

"Basi na wewe huelewi," akasema. Hakusema kwa ubaya. "Rahisisha. Ukiweza kunieleza kwa sentensi moja, na mifano yote ikatoka kijani, Ijumaa tunaanza."

Nilitoka pale nimekasirika kwa sababu alikuwa na haki. Jumanne nikayafuta masharti yote. Faili la tatu, orodha, alama, vyote nikavitupa. Nikaacha kanuni moja tu: anzia folda ya juu, pita kila faili, soma kila maelezo, ukikuta mstari unaoanza na mishale mitatu ujue ni mfano, uuendeshe. Sentensi moja, hata mzee wa Bukoba ataielewa. Nilijipongeza kwa soda.

Kabla ya hapo mkaguzi alikuwa anatuonyesha mifano thelathini na minane, yote kijani, kila siku. Nikaendesha mkaguzi mpya. Mifano sitini na mmoja. Nyekundu ishirini na tatu.

Mtume! Nilikaa naangalia kioo kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta watu asiowajua wanakula. Sikuwa nimegusa programu yenyewe. Nilikuwa nimegusa tu njia ya kuitazama. Sasa makosa ishirini na matatu yametoka wapi? Nikarudisha masharti ya zamani: thelathini na minane, kijani. Nikayafuta tena: sitini na mmoja, nyekundu ishirini na tatu. Umeme ukakatika. Uliporudi nikajaribu tena, nikiomba Mungu namba zibadilike. Hazikubadilika.

Jumatano nzima sikuelewa kitu. Nilishuku kompyuta, nikashuku mkaguzi, nikajishuku mwenyewe. Mchana mama mwenye nyumba aliniletea samaki wa migebuka na ugali wa muhogo ofisini, akaniuliza ninaumwa nini. Nikamwambia nimerahisisha kitu kikawa kigumu. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole, mwanangu," akachukua kapu lake akaenda zake Ujiji.

Alhamisi asubuhi nikagundua. Yule jamaa wa Mwandiga alikuwa na folda ya nakala za zamani, vitu alivyoviacha njiani. Kanuni yangu mpya haikuwa inachagua, ilikuwa inaingia kila mahali, ikaingia na humo. Mifano ishirini na miwili kati ya ile nyekundu ilikuwa takataka, inauliza programu mambo ambayo programu ilishaacha kuyafanya. Nikaiondoa folda. Nyekundu zikayeyuka. Nilicheka peke yangu kwa sauti, mpaka mhasibu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Ikabaki nyekundu moja, na hii haikuwa kwenye nakala za zamani. Ilikuwa kwenye faili letu hasa, sehemu ya kuunganisha familia. Jamaa alikuwa ameacha maelezo na mfano pale, ndani patupu, akaondoka. Ndani nilijaza mimi. Maelezo yake niliyapita juu juu kwa sababu nilijiona najua familia ni nini. Faili lile halikuwahi kuandikwa kwenye ile orodha ya mkono, kwa hiyo mkaguzi wa zamani hakuwahi kuuona mfano wake hata siku moja.

Mfano wenyewe ulikuwa hivi. Mama kaja na watoto wanne. Wawili wadogo kawabeba, wawili wakubwa wanatembea. Majina yao matano yameorodheshwa. Jibu: familia moja.

Programu yangu ilijibu: familia tatu.

Nikayasoma yale majina matano. Hakuna lililofanana na jingine. Mama ana lake, kila mtoto ana lake, hakuna la baba, hakuna la babu. Kwetu Tanga jina la kwanza ni lako, la pili la baba yako, la tatu la babu yako. Ukiyasikia unajua huyu wa nani na yule wa nani, hata ukikutana naye Ulaya. Na programu yangu ndivyo nilivyoifundisha: mtoto chini ya miaka mitano ahesabiwe na aliyembeba, mkubwa zaidi aungane na mtu kwa jina la baba. Kwa hiyo mama na wadogo wawili ni familia ya kwanza, na wale wakubwa kila mmoja ni familia yake, mtoto asiye na mzazi. Niliona programu iko sawa kabisa. Nikasema huyu jamaa alikurupuka, aliandika majina yoyote yaliyomjia kichwani, wala hakufikiria.

Maelezo hayakusema zaidi. Kwa nini watu wa majina matano wawe familia moja, hakuandika. Leo najua kwa nini hakuandika. Mtu haandiki kwamba maji yanalowesha.

Nilishika simu nimpigie, nikaona haya. Nikamsikia kichwani akiwaambia wenzake chuoni kwamba dada wa Tanga kashindwa na mfano mmoja. Kuuliza si ujinga, nimeambiwa tangu madrasa, lakini siku ile niliona ni ujinga mtupu. Na takataka ishirini na mbili nilikuwa nimeshaziona. Ya ishirini na tatu ingekuwa nini kama si takataka? Bosi alikuwa mlangoni na koti lake, anauliza kama tayari.

Kwenye jibu la mfano nikafuta neno "moja", nikaandika "tatu". Sikubadilisha programu. Nilibadilisha mfano. Mkaguzi akapita, mifano thelathini na tisa, yote kijani.

"Sentensi moja," bosi akasema.

"Anasoma maelezo yote, anaendesha mifano yote."

Akatabasamu, akaweka sahihi. Nilirudi Rusimbi naimba.

Ijumaa asubuhi orodha zikatoka. Watoto wasio na wazazi walikuwa wanaondoka kwanza, kwa usalama wao, basi lao peke yao, mpaka kambi ya upande wa Kibondo ambako kulikuwa na watu wa kuwalea. Familia zingefuata mchana, upande wa Kasulu. Jina linasomwa kwa kipaza sauti, mtoto anaitika, anashikwa mkono, anapanda. Nilikuwa pale na mashine yangu ya kuchapa chini ya turubai. Niliona mambo yanakwenda bila makelele kwa mara ya kwanza, nikajisikia mtu.

Basi la watoto lilikuwa limeshaondoka muda mrefu mama mmoja alipokuja kwenye meza yangu. Mtoto mgongoni, mwingine kamshika mkono. Alikuwa mtu wa pwani ya ziwa upande wa kwao, Kiswahili anakijua. Alisema alikwenda hema la wagonjwa na huyu mdogo anayeharisha, akawaacha mabinti zake wawili wakilinda mzigo. Amerudi, mzigo upo, mabinti hawapo.

Nikamtafuta kwenye orodha. "Mama, hapa una watoto wawili. Si hawa?"

"Wanne."

"Kwenye karatasi ni wawili."

Akanitazama kama mimi ndiye mgeni nisiyejua lugha. Akanitajia majina ya mabinti zake taratibu, moja moja. Nikayaona. Yalikuwa kwenye orodha ya basi la asubuhi, kila moja peke yake: mtoto, hana mzazi. Nikamuuliza, na sauti yangu naisikia mpaka leo, ilikuwa ya ukali, "Sasa mbona hawana jina la baba yao? Mbona hawana lako?"

"Ni abanje," akasema. "Wangu. Nimewazaa mimi. Kila mtu na jina lake."

Bado sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilimwambia asubiri, nikaenda nyuma ya turubai, nikampigia yule jamaa wa Mwandiga, sasa haya zote zimeniisha. Nikamuuliza kuhusu ule mfano. Akacheka.

"Dada, kwani hukujua? Kule mtoto akizaliwa anapewa jina lake mwenyewe. Halirithiwi. Hata sisi Waha zamani ndivyo. Ndiyo maana niliuweka ule mfano, mtu akikosea kuunganisha, uwake nyekundu."

Uliwaka, nikamwambia. Uliwaka, nikauzima. Hakucheka tena. Akauliza ni wangapi. Nikasema sijui. Kwenye basi kulikuwa na watoto thelathini na mmoja, na sikujua ni wangapi kweli hawana mtu, na wangapi nimewafanya yatima mimi kwa kubadilisha neno moja.

Nililia pale nyuma ya turubai, kilio cha hasira, najipiga paja kwa ngumi. Halafu nikaenda kwa bosi nikamwambia yote. Nilitaka anifokee. Alivua koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Akaanza kupiga simu.

Basi lilikuwa limeshapita mbali, na simu upande ule hazikushika. Mchana ule mabasi ya familia yalisimamishwa, makarani wakarudi na madaftari yao, wakaanza kupita mtu kwa mtu wakiuliza kaja na nani. Wazazi wengine tuliwapata hapo hapo, watoto wao wakarudishwa siku mbili baadaye. Lakini mabinti wa yule mama walikuwa wamehamishiwa sehemu nyingine ya kambi. Kuwatoa kulitaka barua, na barua kila ilikofika ilitaka barua nyingine. Zikapita siku tisa.

Mama alikataa kupanda basi lolote. Alikaa karibu na lango la uwanja, mgongo ukutani, na wadogo wake. Kila asubuhi nilipita pale. Sikuwa na njia nyingine, na hata ingekuwapo nisingeithubutu. Nilimsalimia, akaitikia. Nikamletea uji, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Hakunifokea hata siku moja. Angenitukana ningepona. Siku ya tano nilimwambia waziwazi kwamba ni mimi, si mashine, mashine ilifanya nilivyoiambia. Aliniuliza kama nina watoto. Nikasema sina. Akasema, "Basi," na sikuelewa ni basi la kunisamehe au la kunikatia tamaa. Sijaelewa bado.

Programu niliitengeneza upya wiki ile. Nilimrudishia jamaa mfano wake ulivyokuwa, familia moja, nikaacha uwake nyekundu mpaka programu yenyewe ibadilike, iache kutafuta majina, iulize nani kaja na nani na iandike anachosema mtu mwenyewe. Kanuni ya mkaguzi sikuigusa. Ile ilikuwa sahihi. Ilinitafutia kitu nilichokuwa nakihitaji, ikaniwekea mbele ya macho.

Siku ya kumi gari dogo likaingia uwanjani na mabinti wawili. Mkubwa alikuwa kama miaka kumi na mmoja, mdogo kama minane. Mkubwa aliruka kabla gari halijasimama vizuri, akamkimbilia mama yake, wakashikana. Mdogo alishuka taratibu, akasimama pembeni ya gari. Mama akamwita. Hakwenda. Mama akachuchumaa, akanyoosha mikono, akamwita tena kwa Kirundi, kwa jina lake. Mtoto akawa anamtazama, halafu ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi mkononi.

Mkubwa akasema kule kambini kila alipowaambia watu kwamba wana mama, walifungua karatasi, wakamwambia hapana, hamna. Kila siku. Mdogo akaacha kusema.

Nikamwendea. Nikainama nikamwambia, "Yule ni mama yenu. Nenda."

Hakusogea. Akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu.

"Angalia kwanza," akasema.

Nikaifungua mbele yake. Nikatafuta kwa kidole, mstari kwa mstari, ili aone natafuta kweli, ingawa orodha ile nilikuwa nimeichapa mwenyewe asubuhi. Nikamsomea jina la mama yake, nikamsomea na lake chini yake. Akataka kuona mahali lilipoandikwa. Nikamwonyesha. Akaliangalia muda, akaigusa karatasi.

Kisha akaenda kwa mama yake.